Jina Juu ya Tangi

Watu wa Majengo, mtaa wa Kismayo, walikuwa na majibu mengi kuhusu kifo cha Famau, na hakuna hata moja lililomtosha mkewe, Mwanalima. Famau aliungua baharini baina ya Kudhaa na Darakasi, mchana kweupe, katika mashua ambayo nusu yake ni ya Husseini, ami wa mkewe. Petroli ilikuwa imevuja kutoka kwenye tangi la chuma lililowekwa chini ya mbao za tezi, nyuma ya mashua, ikajikusanya humo ndani, ikangoja cheche moja tu ya mashini. Wenzake walijitupa majini wakapona. Yeye alibaki akijaribu kulisukuma lile tangi nje ya mashua kwa mikono mitupu.

Siku Mwanalima alipotoka eda, kabla wanawake waliokuja kumtoa hawajamaliza kahawa yao, alikuwa ameshaingia mjini na swali moja mdomoni: nani alilichomelea lile tangi? Kisomali chake ni safi, hakuna aliyeweza kujifanya hakumwelewa. Karakana ya kwanza, karibu na bandari, wakasema si lao. Ya pili wakasema labda limetoka Mogadishu. Ya tatu hawakuinua hata nyuso. Ami Husseini, ambaye ndiye aliyekwenda kulinunua, alimwambia ilikuwa kazi ya Mungu na kwamba mwenye imani haulizi zaidi ya hapo.

Sasa, Mwanalima alimwamini Mungu kuliko alivyomwamini ami yake, na ndiyo maana hakukubali Mungu abebeshwe uchafu wa fundi. Kipande cha lile tangi kilikuwa kimeokotwa, na yeye alikishika mkononi. Mshono ulikuwa umevimba huku na kutoboka kule, kama uji uliofurika sufuria ukagandia jikoni. Mtu aliuona mshono ule, akalichukua tangi akaliuza, kisha akaenda nyumbani kula. Mtu huyo alikuwa na jina, ila jina lake halikuwamo katika kazi yake, na kwa hiyo hapakuwa na mlango wa kubisha.

Hilo lilimuuma. Na lilizidi kumuuma alipoona mashua ileile imetolewa majini, imekatwa mbao zilizoungua, inatiwa mpya, na safari hii nahodha atakuwa Athmani, kaka yake wa tumbo moja. Tangi atalileta ami Husseini. Kutoka wapi? Kutoka kulekule. Mwanalima akaapa, tena si kwa sauti ya chini, kwamba kaka yake hatapanda chombo chenye tangi lisilo na mwenyewe. Kama mji mzima hauna fundi anayethubutu kutaja jina lake, basi atakuwa yeye.

Watu walicheka, na mimi siwalaumu sana. Binti wa Fakihi yule fundi wa mashua, tena mjane na mshona nguo, anataka kuchomelea chuma. Majirani wakasema msiba umempanda kichwani. Kaltuma wa nyumba ya pili akaleta maji ya zamzam.

Ndipo Aboud alipotokea. Huyu alikuwa Mbajuni wa kuzaliwa, lakini wazazi wake walikimbia naye angali mchanga, akakulia Mombasa na kujifunza kazi katika karakana ya kutengeneza majiko na masinki ya mahoteli. Alirudi Kismayo akiwa amevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, akiwa na mashine ndogo ya kuchomelea, ya tigi, inayobebwa begani kwa mkanda. Mtungi wake wa gesi ulikuja nyuma yake kwa njia ya Kiunga na Ras Kamboni, umelazwa chini ya magunia ya unga. Aliamini kwamba ndani ya mwezi mji mzima ungekuwa unapanga foleni mlangoni pake.

Alisahau jambo moja tu, upepo. Kuchomelea kwa tigi si kama kule kwa vijiti, ambako cheche huruka hadi ng'ambo ya barabara na fundi hajali. Hapa kuna sindano ngumu isiyoyeyuka, inatoa mwali mdogo wa umeme, na gesi ya agoni inatoka kandokando yake na kukifunika chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Gesi ikipeperushwa, kazi imekufa. Na Aboud alikuwa ameweka meza yake barabarani, Kismayo, mahali ambapo upepo humvua mtu kofia akiwa amelala. Kila alichokichoma kilitoka cheusi chenye matundu. Akafunga turubai, turubai likaenda zake. Mwanalima alikuwa amesimama hapo kwa muda mrefu akitazama, wala hakucheka.

Alimwambia Aboud kwamba baba yake ana banda la kuundia mashua, ufukweni, lenye kuta za mawe pande tatu na mlango wa mbao upande wa nne. Limekaa bure tangu mzee apatwe na kiharusi. Achukue banda, na malipo yake yawe kumfundisha yeye. Aboud aliteremsha miwani ili amtazame vizuri, akasema yeye hafundishi wanawake. Mwanalima akamwambia basi amfundishe upepo. Aboud alipambana na upepo siku nyingine kadhaa, kisha akaja bandani kwa miguu yake, na mtungi juu ya mkokoteni.

Mzee Fakihi alikasirika kama alivyokuwa hajakasirika tangu ugonjwa ulipomwangusha. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala, lakini ulimi ulikuwa umeamka kabisa. Alisema banda lile halijawahi kunuka moshi wa chuma, na kwamba binti yake akitaka kumzika angoje kwanza afe. Mwanalima alimsikiliza hadi mwisho, kama inavyompasa mtoto. Kisha akafagia banda.

Likazuka jambo jingine ambalo Aboud, kwa akili zake za Mombasa, hakulifikiria. Mlango ukiachwa wazi, upepo unaingia na kazi inaharibika. Mlango ukifungwa, ndani kuna mjane na mwanamume asiye maharimu wake, na Majengo nzima ina macho. Kaltuma alishaanza kupita pale mara nyingi kuliko alivyokuwa na haja ya kupita. Aboud akasema basi, mambo yamekwisha, yeye hataki kufukuzwa mji. Mwanalima akatoka, akaenda nyumbani, na akarudi akimsukuma baba yake kwenye kiti cha magurudumu, mzee akiteta njia nzima. Akamweka kwenye pembe ya banda, akafunga mlango, akamwambia kwamba anaweza kumchukia vizuri zaidi akiwa karibu. Mzee akageuza kiti chake, akautazama ukuta. Tangu siku hiyo walikuwa watatu humo ndani, na Kaltuma akakosa la kusema.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa mateso. Bati la chuma alilopewa lilikuwa jembamba, unene wa ukucha wa kidole gumba, na bati jembamba halina huruma. Mkono wa kulia unashika tochi yenye sindano. Wa kushoto unalisha waya mwembamba wa kujazia. Mguu unakanyaga pedali inayopandisha na kushusha moto. Sindano ikae karibu mno na chuma bila kukigusa, na ikigusa, inachafuka, inabidi kuzima kila kitu na kuinoa upya kwenye grenda. Mwanalima aliinoa mpaka vidole vyake vikaijua ile ncha gizani mwa ngao ya uso.

Mguu ndio uliomtesa zaidi. Alikuwa amezoea pedali ya cherehani, ambayo unaikanyaga na kitambaa kinakimbia. Hii ukiikanyaga hivyo, kidimbwi cha chuma kinachong'aa kinapanuka, kinanyauka katikati, na ghafla unatazama tundu. Akatoboa bati baada ya bati. Aboud, ambaye gesi yake ilikuwa ikiisha na mtungi mwingine haujulikani utapita lini Ras Kamboni, akamlazimisha afanye mazoezi mashine ikiwa imezimwa, tochi baridi mkononi, akitembeza sindano juu ya mstari wa chaki kama mtu anayefundishwa kuandika. Alikuwa mwalimu mwenye kisirani. Alifoka, alisonya, alitafuna jaadi, yaani mirungi, na kufoka tena. Lakini hakumdanganya hata mara moja kwamba kazi mbovu ni nzuri, na Mwanalima alimpenda kwa hilo tu.

Siku moja aliyapangusa mabati yake kwa sifa, yale mafuta ya papa, kwa sababu pwani ile kila chuma hupakwa sifa la sivyo chumvi inakila. Alidhani amefanya la maana. Mwali ulipowaka, chuma kilichemka na kutema, moshi wenye uvundo wa papa ukajaa banda zima, na Aboud akakimbilia nje akikohoa na kuapa kwamba atarudi Mombasa jioni hiyohiyo. Mzee Fakihi, kwenye pembe yake, alitoa sauti fulani. Baadaye Mwanalima alijiuliza kama ilikuwa kicheko.

Alisugua kwa msasa, akafuta kwa kitambaa safi na dawa ya kutoa mafuta, akaanza tena. Shingo yake iliungua kwa mwanga wa mwali pale ambapo ngao haikufika, ikawa nyekundu na kubabuka. Macho yalimwasha kana kwamba yamejaa mchanga, kwa kuwa aliinua ngao upesi mno. Akashona aproni kutokana na kipande cha tanga la zamani la pamba, maana nguo zake za nailoni zingeyeyukia mwilini. Alipopita njiani wanawake walimwangalia wakaguna. Aliwatolea salamu kubwa zaidi ya kawaida, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Mkono ulitulia. Mguu ukatulia. Juu ya bati zima, lisilo na maungio, aliweza sasa kutembeza mshono mzuri, magamba yake madogo yamelaliana sawasawa, rangi ya majani makavu. Aboud alikubali, kwa shingo upande. Lakini Mwanalima alipowekewa mabati mawili ayaunganishe, alitoboa. Akapunguza moto, akatoboa. Akaongeza waya, akatoboa. Kila safari pahali ni pale, katikati ya kiungo, na tundu linakimbia na mstari kama soksi inayofumuka. Aboud alibadilisha sindano, akabadilisha waya, akabadilisha matusi. Mwishowe akavua glavu na kusema, bila kufoka, na hilo ndilo lililouma, kwamba wapo watu ambao mkono wao haukuumbwa kwa bati jembamba, na kwamba hakuna aibu katika hilo. Akatoka nje kuvuta sigara.

Mwanalima alibaki ameketi. Ufundi huu ukimshinda, alijua, kaka yake atakwenda na tangi la ami Husseini, na yeye atakaa nyumbani akisikiliza kila mashini inayorudi. Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni, na hakujisumbua kuyafuta.

Akasikia magurudumu yakisaga sakafu. Baba yake alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alijisukuma kwa mkono wake mmoja mpaka mezani, ambapo mabati mengine mawili yalikuwa yamewekwa tayari na bado hayajachomwa. Akapitisha ukucha wa kidole cha shahada juu ya kiungo, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Uso wake ukabadilika.

"Hapa umeweka ndia ya pamba," alisema.

Mwanalima hakuelewa. Mzee akauchukua mkono wake na kuupitisha mlemle, na hapo binti akalisikia: pengo jembamba, sawasawa kutoka ncha hadi ncha, pengo ambalo jicho halikuliona. Hakuliacha kwa kukusudia. Mikono yake ndiyo iliyoliacha. Tangu utotoni alikuwa akimshikia baba yake mbao, akisokota pamba na kuitia sifa kwa ajili ya kalafati ya kuziba maungio, na katika mashua yoyote iliyotoka banda lile mbao haikubanwa na mbao nyingine hadi ikakosa pumzi. Daima iliachwa nafasi ya pamba kuingia, na maji ya bahari yakamaliza kazi.

"Mbao hunwa mai ikafura," mzee akasema. "Chuma hakinwi. Kibane."

Hapo ndipo alipoyaona machozi ya bintiye, na akatazama pembeni. Alikuwa amemwambia asiuguse ufundi wa wanaume, na kumbe ufundi wenyewe alishampa zamani, bila kujua, kwa ukamilifu kiasi kwamba ulikuwa ukimharibia kazi. Sijui mzee alijisikiaje. Najua kwamba hakuutazama ukuta tena.

Mwanalima aliyabana mabati mpaka ukucha haukupata pa kukwama. Akayashikiza kwa vidoti vidogo, hapa na pale, ili yasijikunje kwa joto, na nyuma yake akaegemeza kipande cha shaba kinywe moto wa ziada. Akashusha ngao. Aboud aliporudi na sigara yake, alikuta mshono umefika mwisho na mwanamke amekaa akiungoja upoe. Akaugeuza, akautazama mgongoni, ambako kazi mbovu hujificha. Kisha akamwambia aanze tangi.

Walilikata na kulikunja kwenye ukingo wa benchi la mzee. Pande zote aliziinulia midomo midogo ya nje, mdomo ukalala juu ya mdomo, ili chuma kijiyeyushe chenyewe bila kuhitaji waya mwingi. Ndani yake akaweka ukuta wa kuvunja mawimbi, petroli isije ikapiga huku na huku. Alichoma kidogo upande huu, akaacha, akaenda upande wa pili, akarudi. Gesi ya mwisho iliyokuwa mtungini aliitumia kuandika. Juu ya paji la tangi, kwa herufi za chuma kilichoinuka, aliandika MWANALIMA FAKIHI.

Aboud alisema hiyo haikuwa katika mafundisho yake. Mwanalima akasema anajua.

Siku ya majaribio mashua ilikuwa imeshaelea, na safari ilikuwa jioni hiyo kwenda Kudhaa. Watu walijaa ufukweni mbele ya banda, wengine kwa mapenzi, wengi kwa kutaka kuona fedheha. Athmani alikuwepo pamoja na mkewe Shamsa, aliyekuwa mjamzito na asiyesema sana. Ami Husseini alikuwa ameshaleta tangi lake kutoka mjini, limelala juu ya mchanga karibu na maji, kuukuu, limepigwa rangi mpya ya kijani juu ya mishono iliyovimba. Hakuwa mtu mbaya, Husseini. Alikuwa mtu aliyefanya kosa kubwa, na tangu siku hiyo alikuwa akiishi kwa kutolitazama.

Mwanalima aliziba matundu ya tangi lake, akaacha moja, akaunganisha pampu ya baiskeli. Alitia hewa kiasi. Kisha akachovya brashi kwenye povu la sabuni na kuipitisha juu ya kila mshono, mbele ya kila mtu, polepole. Pangekuwa na tundu dogo kama la sindano, povu lingepuliza. Halikupuliza. Akaligeuza, akapaka chini. Halikupuliza. Nahodha mmoja mzee aliyekuja kucheka alichukua brashi mwenyewe, akapaka pembe zote, akatega sikio, akairudisha brashi kwa heshima.

Ami Husseini naye aliona. Alilizunguka tangi, akaligonga kwa kidole, akakiri kwamba ni kazi nzuri, na kwamba litakwenda. Watu wakaanza kupumua. Ndipo macho yake yalipofika kwenye paji la tangi, akasimama. Akamwambia Aboud kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji:

"Lifute hilo jina. Wachu wakiuliza, sema ni kazi yako."

Aboud alimtazama Mwanalima, akautazama umati ambao kesho ungekuwa wateja wake, na akaingia bandani kuchukua grenda. Nilisema alikuwa mwalimu mkweli. Sikusema alikuwa jasiri. Alipotoka, alimkuta Mwanalima ameketi juu ya tangi. Alisema jina halifutwi. Bati ni jembamba, na ukilisaga unalidhoofisha. Na hata lingekuwa nene kama ukuta wa msikiti, halifutwi.

Husseini alijaribu kwa upole. Akasema yeye anamlinda. Mwanamke hajengi jina lake juu ya chombo, wavuvi hawatapanda, watu watamsema. Na Mungu aepushie mbali, likitokea la kutokea, si afadhali lawama zisimjue aliko? Kwake yeye hiyo ilikuwa huruma kubwa.

"Tangi la Famau ulilileta wewe, ami," Mwanalima akasema. Hakupandisha sauti. "Nikakuuliza nani kaliunda, ukaniambia Mungu. Mimi nataka lawama ziyue niliko."

Neno hilo watu walikuwa wamelizunguka kwa adabu tangu mazishi, na sasa lilikuwa limetua hadharani, na hakuna aliyejua aweke wapi macho yake. Husseini akawa mwekundu, kisha akawa wa kijivu. Akasema basi, mashua ni yake nusu na nusu ya Athmani, na nusu yake haichukui tangi lile. Akawaashiria vijana walibebe la kijani. Athmani alisimama katikati, ami upande huu, dada upande ule, na aibu kwa ami ikamshika miguu. Hakusogea.

Mwanalima akainuka. Alilifikia tangi la kijani kabla ya vijana. Wengine walidhani atalipiga nyundo, lakini alikuwa ameshafundishwa vya kutosha kujua kwamba tangi lililokwisha kunywa petroli ni bomu, na cheche moja ingetosha. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, akachota mchanga kwa viganja viwili na kuumimina ndani. Akachota tena. Mchanga wa Kismayo ni mweupe na laini, na uliingia kwa sauti ndogo kama mchele unaotiwa chunguni.

Ami Husseini alipiga kelele kwamba mwanamke huyu amerukwa na akili, azuiwe. Hakuna aliyemzuia. Nani amguse mjane mbele ya baba yake? Na baba yake alikuwa amekaa kwenye mlango wa banda, juu ya kiti chake, akitazama kila kiganja kinavyoingia. Husseini alimwita kwa jina, ndugu kwa ndugu, amkataze binti yake. Mzee Fakihi akajibu kwamba anamtazama, na kwamba kwa sasa hajaona kosa katika kazi yake.

Mwanalima aliendelea mpaka mchanga ukafika mdomoni mwa tangi. Akakung'uta mikono. Akafunga kifuniko vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa kufunga vitu vizuri. Akamwambia kaka yake kwamba tangi lililobaki ni moja na lina mwenyewe. Akilitaka alichukue na jina lake. Asipolitaka, akae nyumbani, na afadhali amkasirikie dada yake akiwa hai.

Athmani akapanda mchanga hadi mbele ya banda, akalibeba lile tangi begani, jina likiwa limetazama nje, akapita nalo mbele ya ami yake, mbele ya nahodha mzee, mbele ya Kaltuma aliyekuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Akaingia majini nalo. Nahodha mzee akamfuata kumsaidia kulikaza. Husseini alipoona mashini imewashwa na safari itaondoka bila yeye, alikunja nguo yake, akapanda, na kwenda kuketi omoni, mbele kabisa, mbali na lile tangi kadiri mashua ilivyomruhusu.

Mashua ilipopita mwamba na mlio wake kuanza kufifia, watu walitawanyika. Aboud alikuwa akizungushazungusha waya wa grenda ambayo hakuitumia. Mwanalima alisimama pale maji yanapoishia. Alikuwa amepigania jina lake likae juu ya chuma kile, na sasa lilikuwa linakwenda baharini na kaka yake, na kila mawimbi yanapolitikisa lile tangi yatakuwa yanampiga yeye. Aliipitia mishono yote kichwani, mmoja mmoja, pembe moja moja. Hapakuwa na wa kumsingizia.

Shamsa alikuja akasimama kando yake. Wote wawili walitazama kwenye maji. Mkono wa Shamsa ulikuwa juu ya tumbo lake, na aliposema, alisema polepole, bila ubaya, kama mtu anayetaka kuwa na hakika ya mlango wa kubisha.

"Likivuya, wifi, takuya kwako."

Mwanalima alimgeukia, akamtazama usoni.

"Nyumba waiyua," akasema.